Mlango Usiofungwa

Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, Winnipeg,
saa kumi na moja alfajiri.
Nimetoka zamu, nimegeuza wazee tisa ubavu kwa ubavu.
Nawasha Corolla, napeleka kitufe hadi mwisho wa wekundu,
na feni inanipulizia usoni
pumzi ya friji.

Kilomita kumi na nne
nakwangua kioo kwa ndani, kwa kadi ya benki,
mvuke wa kinywa changu ukiganda palepale nilipokwangua,
barabara naichungulia kwa tundu
la ukubwa wa chapati.

Jumamosi Bohdan wa chini kaniazima gereji.
Vidole viwili: saa mbili tu.
Kwangu saa tatu asubuhi, kwa kaka yangu saa kumi na mbili jioni,
Njoro, Moshi, kavua shati,
simu kaiegemeza kwenye betri ya lori.

"Hita?" Elisaria anacheka mpaka anakohoa.
"Miaka kumi na tisa ya spana, dada,
hita mimi nazikata. Mpira kwa mpira naunganisha,
yenyewe naiacha humo kama jino lililokufa."

Lakini fundi ni fundi.
"Maji ya rejeta?" Yapo, ya waridi, hadi mstarini.
"Ukigeuza kitufe, kilango cha ndani kinasogea?"
Nakisikia kikijikuna.
"Washa injini. Shika mipira miwili
inayopenya ukutani kwenda miguuni kwako."
Vuguvugu yote, kama uji uliosahauliwa.
"Mmoja ungekuwa moto na mwingine baridi, ningesema imeziba.
Mshale?"
Umelala. Dakika ishirini, haujainua hata kichwa.
"Na mpira mkubwa wa rejeta?"
Vuguvugu hilohilo, tangu dakika ya tatu.

Kimya. Kuku anapita nyuma yake.
"Themostati," anasema. "Imekwama wazi.
Injini inapika, chakula hakijaiva,
rejeta imeshapakua."
Kisha, kwa sauti ya mtu wa kitubio:
"Nimezitupa mamia, hizo.
Kila gari liingialo naing'oa. Nasema, ya nini?
Yaache maji yapite."

Beseni la kufulia chini ya rejeta. Nati mbili za kumi,
moja imegoma; naitukana Kichagga, inalegea.
Ya zamani inatoka na kutu, mdomo wazi,
haijui tena kufumba.

Mpya, dola thelathini na moja, Elisaria anataka kuiona.
Naitumbukiza katika sufuria juu ya jiko la Bohdan.
Maji yanatoa mvuke, yenyewe kimya.
Maji yanaanza kuimba, yenyewe kimya.
Halafu, taratibu, kama mtu aliyeamua,
inafunguka.
Naitoa, inapoa, inajifunga.
"Rudia," anasema kaka yangu.
Narudia.
"Kumbe," anasema. Miaka kumi na tisa.

Nikaifunga, nikajaza maji, kifuniko wazi, hita kwenye wekundu,
hewa ikitoka kwa mapovu makubwa ya mlevi.
Mshale ukapanda robo. Ukapanda nusu. Ukatulia.
Na kwenye viganja vyangu, kutoka kwenye matundu ya dashibodi,
joto: lenye vumbi, lenye harufu ya mbwa
wa mtu aliyeniuzia gari.

Kabla ya kukata simu, kama kawaida, yale mengine:
ada ya Ndeshi, bati za jikoni, deni la mashine ya kujazia upepo.
Kawaida natuma kabla sijavua koti.
"Mwisho wa mwezi," nilisema. "Acha kwanza nipate moto."
Nikangoja anune.
Akaniuliza tu: "Ile mbovu umeitupa?"
Iko mfukoni.

Jumatatu, alfajiri ileile, baridi ileile.
Kioo kinayeyuka kuanzia chini,
vipande viwili vya mwezi vinavyopanda,
na ndani yake barabara ya Portage yote,
taa kwa taa, nyekundu,
nami nimevua glavu.