Tanbihi ya Mwisho

Leo narudisha ufunguo wa chumba 214.
Bawabu Rautio anautia daftarini
kana kwamba niliazima baiskeli,
si miaka thelathini na minane.

Nje, theluji ya Aprili imegeuka matope.
Joensuu yote inanuka mbwa aliyelowa.
Maboksi kumi na moja yamefika mlangoni; la kumi na mbili
limepasuka kitako, riwaya za vita
zimemwagika ukumbini kama viazi.

Nilifundisha kimya.
Kwenye ratiba kilikuwa na jina refu,
fasihi ya karne ya ishirini, Jumanne na Alhamisi,
lakini somo lilikuwa hilo.
Jinsi mwandishi anavyouruka mwezi wa Februari.
Jinsi askari anavyorudi kwao akasimulia farasi,
farasi, farasi,
asiseme nani alikuwa amempanda.
Kitabu changu cha kwanza, kurasa mia nne,
kilihusu alama ya dukuduku: zile nukta tatu tu.
Watu walicheka. Kisha wakanipa uprofesa.

Kwetu, vita tulivifunikia kombe.
Mwanaharamu hakupita.
Alikaa mezani kila jioni, kati ya baba na siagi,
na mama akampitishia mkate.

Baba yangu Taavetti alitengeneza saa za watu.
Saa kumi alfajiri alikagua madirisha yote.
Kimya kingi kina mshindo, wanasema;
chake kilikuwa na mlio wa komeo.
Siku nilipotetea tasnifu alikuja na suti ya kuazima,
akasikiliza saa mbili nzima, akauliza:
"Hao waandishi, walikuwepo?"
Baadhi, nikasema.
Akavaa kofia yake.

Sasa droo ya chini.
Daftari lake, dogo kuliko kiganja,
nimelikalia tangu tulipomzika.
Nimesoma shajara mia mbili za baba za wenzangu,
nimezipigia mistari, nimezinukuu Budapest na Lyon.
Hili, nilijiambia, halimo katika mtaala.

Nalifungua wima, koti mwilini.
Penseli. Februari, mwaka wa arobaini.

*Baridi. Nimeshona kiatu.*
*Baridi. Supu.*
*Baridi. Viatu vyangu anavyo Urho. Abaki navyo.*

Kisha kurasa tupu. Kumi na tisa, nimezihesabu.
Kisha Juni: *Nimenunua mbegu za vitunguu.*

Mkono, kwa mazoea, umeshachomoa kalamu
kuandika pembeni.
Ukurasa mtupu wa mtu mwingine
ningeuzungumzia hadi kengele ilie,
na swali moja ningewaachia wakalale nalo.

"Kuna kilichobaki?" anauliza Rautio.
Kalamu naitia mfukoni, daftari kifuani.
Hili boksi lililopasuka, namwambia,
lishike chini. Mimi nashika juu.