Theluji ya Kemi

Saa tisa mchana, giza limeshatanda Kemi.
Reijo ndio anarudi; tangu alfajiri
alikuwa akizoa theluji njiani
watoto wa watu wafike shule salama.

Wa kwake amejifungia. Pihla, miaka kumi na miwili,
chini ya blanketi, simu ikimmulika uso
kama taa ya daktari.

"Nionyeshe."
Akasita. Kisha akampa.

Picha yake akinywa supu, mdomo wazi,
wamemchorea pua ya nguruwe.
Vicheko mia na arobaini. Cha mwisho
ni cha Minttu, aliyegawana naye pipi jana.

Reijo hakupokonya simu.
Hakusema zima tu, kwani
jeraha halina kitufe.
Aliketi, akasoma yote,
neno kwa neno, kwa sauti ndogo,
hata mzigo ukawa wa watu wawili.
Kila jina akalihifadhi, na tarehe yake.
Kesho, kwa mwalimu mkuu.

"Utawafokea, Baba?"
"Theluji haifokewi. Huzolewa.
Ikianguka tena, tutazoa tena."

Pihla akafuta kamasi:
"Glavu zako zinachuruzika kitandani kwangu."