Droo ya Viberiti

Keko, mvua za vuli, karakana inavuja.
Bi Hisae amekuja na kabati kwenye Bajaji,
kalikumbatia kama mgonjwa wa kupelekwa Muhimbili.
"Fundi Kibasila, nikatie vipande viwili.
Juu ni miungu, chini ni Budha.
Nina watoto wawili, kila mmoja anataka chake."

Naligeuza. Halina msumari hata mmoja.
Ulimi wa mbao umeingia tunduni, ukavimba humo,
na aliyeliunga hakuacha alama ya penseli
kuonyesha miungu inaishia wapi
na Budha anaanzia wapi.
Juu, kioo kidogo, karatasi nyeupe zimekunjwa kama radi.
Chini, mzee wa shaba kafumba macho,
na majina ya marehemu, la mwisho la mumewe,
yule aliyekuja kutupimia barabara.

Anaketi juu ya gogo la mkongo.
Zaidi ya miaka elfu walikaa nyumba moja, anasema,
mungu wa mlima akisomewa sala za Budha.
Mtoto akizaliwa, anapelekwa kwa huyu,
mtu akifa, anaagwa na yule,
na hakuna aliyeona ajabu.
Kisha serikali mpya ikaleta waraka: watenganishwe.
Babu wa babu yake alikuwa mtawa, kipara kinang'aa;
akaambiwa afuge nywele.
Kesho yake ni kuhani wa miungu,
uwanja uleule,
ufagio uleule.
Kengele ziliyeyushwa. Sanamu zilikatwa vichwa.
Huyu wa shaba alilala ghalani, chini ya mpunga,
misimu kumi na miwili.
"Panya ndio waliomtunza," anasema, anacheka peke yake.

Naushika msumeno, nakumbuka Kisarawe.
Bibi yangu Mwanamtoti, tasbihi mkononi,
akitoka kuswali alfajiri hupita komani,
humwaga maji, huwaamkia wazee mmoja mmoja.
Hadi mjomba Mwinshehe aliporudi na vitabu vyake
akakipiga teke kile chungu:
"Hii dini. Ile shirki."
Bibi hakujibu neno.
Asubuhi nikakuta maji kwenye kikombe cha plastiki
nyuma ya banda la kuku,
mahali pasipo na jina.

Basi nikakata. Kazi ni kazi, na nusu amelipa.
Unga wa mbao ukashuka, rangi moja;
Chaurembo akaufagia, hakuuliza upi wa juu.
Ila katikati palikuwa na droo,
nyembamba, ya viberiti,
iliyowawashia wote wawili.
Bi Hisae aliitazama mpaka mvua ikakatika.
"Hii baki nayo," akasema,
akaita Bajaji mbili.

Sasa natia humo penseli, na futi.
Nikiivuta, inanukia ubani.
Chaurembo huuliza: wa maulidi, au wa komani?
Namwambia, nipe msasa.