Karatasi ya Mlangoni

Ya kwanza aliibandika Sleyum wa mahakama,
kijana wa Limbani, niliyemfundisha alifu kwa kijiti.
Kaona haya hata gundi ikammwagikia shati.
"Mwalimu, nisamehe. Mimi natumwa tu."
Nikampa maji. Ndiyo, nilimpa maji.
Kwa joto lile la Wete hata mdai hunyweshwa.

Nyumba itauzwa, siku kumi na nne.
Vyumba vinne, ukumbi, choo cha nje,
mawe ya baba,
bati la mwaka ule mikarafuu ilipozaa
hadi matawi yakateguka.
Kombo mwanangu aliiweka rehani
kwa mashine ya barafu
isiyowahi kugandisha hata kikombe.

Nikaenda Chake. Hakimu, mtu mpole,
akafunua faili kama anayemenya yai la moto:
"Hili la ardhi, bibi. Si letu hapa."
Mahakama ya Ardhi ikasema: hili la mkopo.
Kadhi akasema: thumuni naijua, sudusi naijua,
riba siijui.
Nikapanda boti, nikatapika hadi Unguja.
Pale Vuga wakili wa benki akasimama, jasho shingoni,
akasoma kifungu cha kumi na tisa, herufi za sisimizi:
ugomvi wowote utasikilizwa Dar es Salaam.
Wangu akaruka: "Nyumba haipandi boti, Mheshimiwa!
Mawe yako Wete, Wete iko Zanzibar,
na Zanzibar ina mahakama zake!"
Wakaupekua Muungano mzima,
lipi lake, lipi si lake,
pesa za kule, udongo wa huku,
nami nimepakata kikapu cha stakabadhi
najiuliza choo changu cha nje kiko upande gani.

Jaji akaahirisha.

Neno nililorudi nalo ni moja, mamlaka.
Nalinyambua usiku kama niko darasani:
sina mamlaka, huna mamlaka, hatuna mamlaka.

Sasa siri yangu, na wakili asiisikie.
Mwanzo nililia kwa kila mlango ulionifungia.
Huu mwaka wa tatu.
Karatasi ya kwanza imeliwa na jua,
ya pili na mbuzi wa Bi Riziki,
ya tatu nimezibia tundu la dirisha.
Muhogo niliouchomeka wiki ya notisi
nimeuvuna mara mbili,
na bado nalala chumba cha mbele.

Wanasema fahali wakipigana ziumiazo ni nyasi.
Aliyesema hayo hakuwahi kuwa nyasi.
Nyasi inajua: wakiwa wamefungana pembe
hakuna mdomo unaoinama.
Siku wakipatana, siku mmoja akisema
"hili langu mimi kulikata,"
ndipo watakapokula.

Kwa hiyo wabishane. Mungu awape pumzi,
awape vifungu, awape rufani juu ya rufani.

Kesi imepangwa tena, baada ya mfunguo mosi.
Nimenunua chokaa ndoo mbili.
Naanza na ukuta wa barabarani.