Irudishe Pale pa Kofia

Kila umeme ukirudi Muyeye
Mama huitaka ile ile:
msichana wa kidato cha pili
anatapika ndani ya kofia ya mwalimu mkuu.
Hucheka kabla hajatapika.
Hucheka mpaka leso imdondoke,
mpaka Mama Kahindi agonge ukuta: "Dama, tena?"

Kichefuchefu, embe mbichi na chumvi,
sketi ya shule iliyofumuliwa pindo kwa wembe, usiku,
yote anayajua,
maneno humtoka kabla ya mwigizaji.

Ila baba mtu anapoingia sebuleni,
anavua viatu, anauliza tu, "Umekula?"
Mama hunyamaza.
Huinuka, eti chai inafurika.
Jikoni hakuna hata moto.

Wa kwake hakuuliza.
Alitoa sanduku nje, mvua ikipiga,
na ndani ya sanduku, vitabu vya kidato cha pili,
na ndani ya sketi, mimi.

Juzi niliisimamisha picha pale pale,
baba mtu mdomo wazi, kiatu mkononi,
nikamfuata gizani.
"Mama, umekula?"

Kimya.
Akavuta kamasi, akajifuta kwa leso.
"Mtoto wewe," akasema,
"irudishe. Pale pa kofia."