Mwavuli wa Tisa

Historia ya kikosi wataiandika wenye nyota mabegani.
Mimi nilikuwa na meza ya mita saba, banda la bati, Ilemela,
na kazi moja: kukunja miavuli ya mkia,
ile inayoidaka ndege shati ikitua
isije ikatumbukia ziwani.

Zilikuja vipande vipande, masandukuni.
Mbao za masanduku tulizigawana, tukajengea mabanda ya kuku;
Pasiansi kulikuwa na jogoo wangu
akilala juu ya maandishi ya Kichina
ambayo hakuna aliyetusomea.

Kila mwavuli na namba, kila namba na mtu.
Wa sita, Shindika: ulirudi ukinuka sigara.
Wa pili, Mahingu, aliyeuburuza matopeni kila masika
akaniletea sato wawili kwa kuomba radhi.
Wa tisa, Rwegoshora,
aliyenipigia saluti mimi, raia, mama wa watoto watatu.

Vita ilipofika tulikunja usiku,
chemli chini ya meza, madirisha yamepakwa lami.
Sikuiona vita. Niliihesabu:
alfajiri nimetoa mitano,
magharibi nimepokea minne.
Rwegoshora alikuwa mtu wa ng'ambo ile;
siku hiyo, walisema, aliruka juu ya migomba ya mama yake.
Bwana stoo hakuniangalia usoni.
"Nyanzobe, tisa usiiandikie."
Nikaacha mstari mtupu. Mtupu mpaka leo.

Kilichotumaliza hakikuwa risasi.
Yalikuwa matairi yaliyoagizwa yasifike,
makorongo wa dampo wakiingia injini,
vijana waliohamishwa mmoja mmoja, na redio, na viti.
Ndege ya mwisho ilizunguka mara moja juu ya mawe ya Kitangiri,
ikatua, mwavuli ukafumuka,
na katikati ya weupe ule, watu wote wakitazama,
kiraka cha khanga yangu, chekundu.
Nyuzi za serikali zilikuwa zimekwisha.

Wa tisa ulikuwa na pacha wake wa akiba.
Ninao, chini ya kitanda.
Mjukuu anautaka aanikie dagaa.
Namwambia subiri,
kwanza nishike upande huu nawe ule, tuukunjue.
Kitambaa kikikaa mkunjo mmoja miaka yote
hukatikia hapo hapo.
Kanuni ilisema kila siku mia na ishirini.
Tunaukunja upya, pengine.
Dagaa wake ameanika juu ya jiwe.