Neno la Alhamisi

Alhamisi, saa moja usiku, ukumbi wa kanisa, Keighley.
Mvua ya Yorkshire inanyesha kwa ubahili, haikatiki.
Bi Thirza Oldroyd aandika ubaoni herufi tano:
a, n, g, e, r.
Chaki inamkatikia kwenye g.

Kila mmoja akalitafsiri kwa lugha ya mama yake,
na kwa dakika moja ukumbi ukawa soko la hasira,
kila mtu na bei yake.

Kisha matamshi.
Luzviminda, muuguzi wa Iloilo, akalipitisha puani,
laini, kwa sauti ile ya ng'ombe na ya kung'oa.
"Hapana, mpenzi. Huku kwetu h tunaimeza,
kwa hiyo umeniambia habari za kiango,
chuma cha kutundikia koti.
Hasira ina mlango nyuma ya ulimi.
Ufunge kwanza. Kisha upige teke."
Akagonga meza kwa kifundo cha kidole:
ng ya ngumi, ng ya ngome.
"Na r ya mwisho msiisumbue. Imekuja kuandikwa tu."

Zamu yangu. Nikatamka mara moja, nikasifiwa.
Sikuwa na ujanja wowote. Kinywa kilisema anga,
kama kilivyosema tangu utotoni.
"Kwenu ni nini?"
"Ni huko juu," nikasema, nikionyesha dari lenye unyevu.
"Na kwa watu wa zamani, mwanga pia."
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Akafungua kamusi iliyobandikwa mgongo kwa gundi,
mali ya baba yake, Enoch, mchambua sufu.
Neno hili, alisema, si la wenyeji.
Lililetwa na watu wa kaskazini
waliokuja na mashoka wakabaki na majembe.
Wao walitamka angr,
na hawakumaanisha hasira.
Walimaanisha msiba.
Na nyuma yake zaidi, kwenye shina kongwe kuliko wino,
ni wembamba: njia iliyobana,
koo lisilopitisha hata maji.

Hita ikakohoa. Hatukujua kama somo limekwisha.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema, akiitazama kamusi,
"kaka yangu Wilf alipozama bwawani mwa kiwanda.
Baba alivunja sahani zote sita za buluu.
Moja moja. Alingoja kila moja itulie sakafuni
ndipo achukue nyingine.
Mimi nilikuwa chini ya meza.
Miaka hamsini na mitatu nimewaambia watu:
baba yangu alikuwa mtu wa hasira.
Kamusi ilikuwa kabatini muda wote huo."

Luzviminda akanyosha mkono, mwanafunzi mwema.
Akalitamka tena. Mlango ukafungwa, ukapigwa teke.
Sahihi kabisa.
Hakuna aliyempongeza.

Katika basi la mwisho nilikaa na neno langu mwenyewe.
Hasira. Nalo tulilipokea, wasema wajuzi, kwa Waarabu,
na huko lilikuwa majonzi,
moyo kuungulia kilichopotea.
Lilipovuka maji likakunja ngumi; sijui ni nani aliyelikunja.
Na dhiki? Nayo kwao ni ufinyu.
Finyo lile lile, shingo nyingine.

Shuleni tulikariri hasira hasara
kama tunavyokariri mara mbili mbili nne,
mwalimu akipiga fimbo kwenye kiatu chake.
Nilidhani hasara ndiyo inayofuata.
Sikuuliza kama yawezekana ilitangulia,
ikakaa chini ya meza, ikisikiliza.

Mbele, dereva alikuwa akimfokea kijana asiye na nauli,
akifoka mpaka kioo kikapata ukungu.
Nilitazama koo lake.